Seva ya nyumbani hapa Mwanza: ninunue mashine au nipande basi niende kongamanoni?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Nyasaka, nafanya kazi kwenye steshenari ya shangazi yangu. Nina laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 8, kioo kimepasuka, nimeiwekea Debian, mfumo wa bure wa Linux, na naipenda sana. Dukani kuna kompyuta ya mezani isiyotumika. Nataka niwe na seva yangu mwenyewe: picha za familia, mafaili ya wateja wa dukani na tovuti yangu ndogo. Nimedunduliza Sh 900,000. Rafiki mmoja anasema ninunue seva ya kweli ya mtumba. Mwingine anasema fedha hiyo niitumie kwenda kwenye kongamano la teknolojia nikutane na watu. Umeme unakatika, na intaneti tunayo ya bando. Nianzie wapi? – Binti wa Nyasaka

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Seva usinunue, na kongamano lisubiri kidogo. Seva unayo tayari, ni hiyo laptopu yenye kioo kilichopasuka. Iwashe, iwahudumie watu wa nyumbani na wa dukani kwa miezi kadhaa, halafu uende kongamanoni na maswali yaliyotoka kwenye mashine yako mwenyewe. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu naona vijana wenye akili nyingi wakianza na mashine ghali, na baada ya muda mashine imezimwa iko chini ya meza, mwenyewe amekata tamaa.

Tuanze na umeme, maana huo ndio utakaokula fedha yako kila mwezi. Seva ya raki, yaani ile ya kweli ya mtumba anayoisema rafiki yako, ikivuta wati 200 bila kuzimwa inatumia uniti 144 kwa mwezi wa siku 30. Kompyuta ya mezani ya zamani inayovuta wati 80 inatumia uniti 57.6. Laptopu isiyo na kazi nzito, kioo kikiwa kimezimwa, huwa kwenye wati 15 au pungufu, yaani uniti 10.8 kwa mwezi. Sasa kama nyumba yenu iko kwenye D1, ile bei nafuu ya TANESCO kwa wanaotumia wastani wa uniti 75 kwa mwezi, seva ya raki peke yake inawatoa humo kabla hata friji haijawashwa. Shangazi atanunua LUKU, ataona uniti zimekuwa chache kwa fedha ileile, na mashine itachomolewa siku hiyohiyo. Na kelele zake hazifai kabisa chumba cha kulala. Zile mashine zilitengenezwa kwa vyumba ambavyo hakuna mtu anayelala ndani.

Laptopu ina jambo jingine kubwa: betri yake ni UPS, akiba ya umeme wa dharura, ambayo tayari unayo. Ikague kwanza. Kama kibao cha kugusia kimeinuka, au mfuniko wa chini haukai sawa, betri imevimba. Itoe, na usiichaji hata mara moja zaidi. Kama ni nzima, iwekee kikomo cha kuchaji, asilimia 80 au chini yake. Kwenye laptopu za ThinkPad na aina nyingine kadhaa, kikomo hicho kinaandikwa kwenye faili la charge_control_end_threshold lililo chini ya /sys/class/power_supply/BAT0. Betri inayokaa asilimia 100 usiku na mchana, tena kwenye joto, inachakaa upesi. Kisha fungua /etc/systemd/logind.conf uandike HandleLidSwitch=ignore, la sivyo siku mtoto akiifunika, seva inalala na kila mtu anakosa huduma. Kioo kisikusumbue. Utaingia kwa SSH, njia ya kuiamuru mashine ukiwa mbali nayo, kutoka kwenye simu au kompyuta nyingine, na siku ukitaka kuona kinachotokea wakati inawaka, ichomeke kwa HDMI kwenye TV ya sebuleni.

Kama ndani bado kuna diski ya kuzunguka, sehemu ya kwanza ya fedha yako inunue SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Ya pili inunue diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Ya tatu inunue kile kiboksi kidogo cha betri kinachotoa volti 12, cha kuwashia ruta. Hapo wengi wanapitiwa: umeme ukikatika laptopu inaendelea kufanya kazi vizuri kabisa, lakini ruta imekufa, kwa hiyo hakuna anayeifikia. Betri ya kawaida ya volti 12 na 7Ah ina watisaa 84, na ruta inayokula wati 10 inaweza kuendeshwa nayo saa kadhaa. Hali ya umeme imepata nafuu tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, lakini kinachoua vifaa huku kwetu mara nyingi ni ule umeme unaokatika na kurudi mara mbilimbili kwa ghafla, kuliko giza la saa nzima.

Halafu kuna radi. Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na nyingi zinapiga usiku, wakati ambao hakuna mtu wa kuchomoa waya. Nyumba zetu nyingi za mlimani zimekaa juu ya mwamba, na kupigilia nondo ya ethi, ile inayopeleka umeme ardhini, kwenye mwamba ni kazi. Kuna mafundi wanaoishia kuifukia juujuu kwenye kifusi. Mwambie fundi wa umeme mwenye kifaa cha kupimia akupimie ethi kabla hujaacha mashine ikiwaka usiku kucha. Kama mna antena ya intaneti juu ya bati, inayoshuka kwa kebo ya shaba hadi kwenye ruta, hiyo ndiyo njia rahisi ya radi kuingia ndani. Faiba yenyewe haipitishi umeme, ila adapta ya kile kiboksi chake inapitisha, nayo iwe kwenye soketi yenye kinga.

Na wale wadudu wa ziwani. Unawajua: wanainuka juu ya maji kwa wingu zima, wanaletwa na upepo, na jioni wanafuata taa. Feni ya kompyuta inawavuta ndani. Nimefungua mashine moja ya ofisi kule Kirumba iliyokuwa ikijizima kila alasiri. Kati ya feni na zile bapa nyembamba za kupozea kulikuwa na tabaka la mbawa zilizokaukiana na vumbi, limekaza kiasi kwamba ulilitoa likiwa kipande kimoja. Brashi laini ya kupakia rangi ilimaliza kazi, na joto la prosesa likashuka papo hapo. Kwa hiyo seva yako iweke mbali na taa na dirisha, iinue kidogo ili hewa ipite chini, na usiifunge ndani ya kabati. Wakija kwa wingi, ifungue uisafishe.

Sasa mtandao. Swali la kwanza kwangu ni nani atahudumiwa. Picha za familia zinatazamwa na familia, na familia iko kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Mafaili ya dukani yanatumika dukani. Kazi yote hiyo inafanyika ndani ya ruta yenu bila kugusa bando hata kidogo. Weka Nextcloud, programu ya kutunzia mafaili na picha kwenye seva yako, na kila simu ikiingia nyumbani itapakia picha zake yenyewe. Weka apt-cacher-ng, programu inayotunza vifurushi vya Debian, kisha rafiki zako wanaotumia Debian wakija kusasisha mashine zao, kila kifurushi kinashushwa mara moja tu kutoka nje na waliobaki wanakichukua kwako. Weka Kiwix, programu ya kusomea tovuti zilizohifadhiwa, na Wikipedia ya Kiswahili iliyoshushwa nzima, watoto wa jirani wanaofanya kazi za shule wafungue bila intaneti yoyote. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na nchi nzima kuhangaika, nyumba zenye seva ya namna hii ziliendelea kufungua picha zao, vitabu vyao na Wikipedia yao. Mtu mwenye bando la kupima anafaidika na seva ya ndani kuliko Mzungu mwenye faiba isiyo na kikomo.

Tovuti yako ndogo ni suala tofauti, kwa sababu hiyo inatakiwa ionekane nje. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni) ya upande wa WAN, yaani upande wa nje, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kupimia IP. Kama hazifanani, na hasa kama ya ruta inaanzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma amekuweka nyuma ya CGNAT, mpango wa wateja wengi kutumia anwani moja ya nje. Ni sawa na kuishi nyumba ya kupanga yenye geti moja: wewe unaweza kutoka, lakini mgeni akifika getini hakuna anayejua anamtafuta mpangaji yupi. Utafungua milango yote ya ruta yako na bado hakuna atakayeingia.

Njia ninayoipendekeza ni kukodi seva ndogo kabisa ya nje yenye anwani ya IP ya wazi, halafu laptopu yako iifuate kwa WireGuard, programu inayounganisha mashine mbili kwa njia ya siri kupitia intaneti. WireGuard imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020, kwa hiyo kwenye Debian yako hakuna cha kuhangaikia. Laptopu ndiyo inayotoka kwenda nje, kwa hiyo CGNAT haiizuii, na ukiiwekea PersistentKeepalive = 25 njia inabaki wazi. Cheti cha HTTPS, cha kulinda mawasiliano ya tovuti, utakipata bure kwa Let's Encrypt. Ila kabla ya kuanza, pita ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya Kanda ya Ziwa, ipo hapahapa Mwanza. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watu na makampuni wanaotumia VPN katika kazi zao watoe taarifa zao pamoja na anwani zao za IP, na WireGuard ni VPN, yaani njia ya siri ya mtandao. Ukiuliza mapema unafanya kazi yako kwa amani.

Barua pepe usijihudumie. Itakula muda wako wote, na barua zako zitaishia kwenye taka za Gmail.

Siku utakapofungua mlango wa nje, fanya kwanza mambo mawili: zima kuingia SSH kwa nywila ubaki na ufunguo, na washa unattended-upgrades ili viraka vya usalama vijiweke vyenyewe. Halafu, kwenye mashine yenye anwani ya wazi, andika journalctl -u ssh, amri ya kuonyesha kumbukumbu za wanaojaribu kuingia, na utazame. Ndani ya saa chache tangu anwani yako ionekane, utakuta watu usiowajua, kutoka nchi usizowahi kufika, wakijaribu kuingia kwa jina la root, la admin, la ubuntu, mfululizo. Hawakutafuti wewe, ni programu zinazopita kila anwani duniani. Lakini ukitazama mistari hiyo ikishuka kwenye mashine unayoisimamia mwenyewe, utaelewa usalama kwa namna ambayo darasa halikupi.

Nimefika kwenye mafaili ya wateja, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, mdogo wangu. Steshenari ni mahali ambapo watu wanaacha maisha yao yote: nakala za kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, mikataba ya viwanja, majibu ya hospitali. Mteja amekuja kutoa kopi, hakuja kukukabidhi utambulisho wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamhusu yeyote anayekusanya au kuchakata taarifa za watu, steshenari ikiwamo. Shangazi awasiliane na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ajue usajili wake ukoje. Lakini hata bila sheria, mafaili hayo yasifike kabisa kwenye mashine inayofikika kutoka nje. Yakae kwenye kompyuta ya kazi ya dukani, na yafutwe kazi ikiisha. Kama inatumia Linux, tumia systemd-tmpfiles kufuta kila kilichozidi siku saba kwenye folda la skana. Mteja anayetaka umtunzie, aseme mwenyewe, na lake liwekwe peke yake.

Diski ya data ya seva ifunge kwa LUKS, kufuli ya nywila ya Linux. Watu wanaogopa kwamba umeme ukirudi usiku mashine itasubiri nywila na hakuna mtu wa kuiandika. Usifunge diski nzima. Acha mfumo wenyewe wazi ili mashine iwake na kuingia mtandaoni, funga sehemu ya data tu, kisha asubuhi uingie kwa SSH uifungue. Mwizi akibeba laptopu, anabeba Debian tupu na boksi asiloweza kulifungua.

Nakala za akiba ziwe mahali pawili nje ya seva. Ya kwanza iende kwenye ile kompyuta ya mezani: iwashwe mara moja kwa wiki, ipokee nakala kwa restic au borg, programu za nakala za akiba, izimwe. Kazi hiyo inaifaa kuliko kuwaka mwezi mzima. Ya pili iwe diski ya nje iliyofungwa kwa LUKS, ikae kwa ndugu aliye mbali na nyumba yenu. Kama mna watu Sengerema, ndiyo mahali penyewe. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Na kila baada ya muda rudisha faili moja kutoka kwenye nakala ulifungue uone. Picha ya bibi ifunguke kweli kwenye kioo, ndipo useme una nakala.

Sasa kongamano. Napenda makongamano, na nitakwambia kilichonifanya niyapende. Kwenye mkutano mmoja wa watu wa mitandao Kampala, nilikuwa na tatizo la WireGuard: ping inapita, SSH inapita, tovuti nyepesi zinafunguka, lakini ukurasa mzito unaganda katikati na haumaliziki. Wakati wa chai nilikaa na dada mmoja mhandisi, nikamweleza. Hakuangalia hata laptopu yangu. Aliuliza tu: "Vidogo vinapita, vikubwa vinakwama?" Nikasema ndiyo. Akachukua kalamu, akaandika kwenye leso ya karatasi: 1500, akatoa 80, ikawa 1420. "Hii ndiyo MTU, ukubwa wa juu wa kila kipande cha data, ambayo WireGuard inajiwekea. Lakini laini yako ya simu haibebi 1500, kwa hiyo 1420 haitoshi ndani yake. Weka 1280 ujaribu." Usiku ule nikabadilisha mstari mmoja na kurasa zote zikafunguka. Leso ile ilikuwa na thamani kuliko hotuba zote za ukumbini, nami nisingeipata kama nisingekuwa na mashine inayofanya kazi na tatizo la kweli mkononi. Asiye na seva angekunywa chai, apige picha na bango, arudi na begi lenye nembo.

Ndiyo maana nakwambia usubiri. Na utakapokwenda, fikiria ziwa kabla ya kufikiria Dar. Nairobi kwa basi kupitia Sirari ni karibu kuliko Dar es Salaam, na Kampala unafika kupitia Bukoba na Mutukula. Kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hata pasipoti kubwa si lazima. Uhamiaji wanatoa hati ya dharura ya kusafiria. Kuna pia kongamano la kila mwaka la TEHAMA linaloandaliwa na Tume ya TEHAMA, mara nyingi Dar, lakini hilo linazungumza zaidi sera na biashara. Mtu wa Linux anapata zaidi palipo na meza ndogo na nyaya kuliko palipo na jukwaa na zulia jekundu.

Ukitamani mbali zaidi, ipo DebConf, kongamano la mwaka la Debian. Mwaka 2016 lilikuwa Cape Town, mara yake ya kwanza Afrika. 2024 lilikuwa Busan, Korea Kusini, na 2025 Brest, Ufaransa. Wanatoa ufadhili wa nauli, malazi na chakula kwa wanaoomba mapema, na wanaangalia umechangia nini: hitilafu ulizoripoti, maelezo uliyorekebisha, tafsiri ulizofanya. Anza kuchangia mwaka huu, hata kidogo, ili mwakani uwe na cha kuandika kwenye ombi. FOSDEM ya Brussels, mkutano wa programu huria, haina kiingilio wala usajili, lakini nauli na viza ya kwenda Ubelgiji zitamaliza akiba yako na zaidi, hivyo usiende kwa fedha ya mfukoni.

Mihadhara ya FOSDEM, hata hivyo, inarekodiwa na kuachiwa bure. Ishushe ile inayokuhusu usiku bando likiwa nafuu, iweke kwenye seva yako, kisha waite wanaopenda mambo haya. Malimbe wako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha SAUT, na taasisi ya teknolojia ya DIT ina kampasi hapa mjini. Huwezi kukosa watu watano. Jumamosi ya tatu ya Septemba ni Siku ya Uhuru wa Programu, inaadhimishwa duniani tangu 2004, na haihitaji ukumbi wa hoteli. Steshenari ikishafungwa jioni, viti na soketi vipo. Mtazame mhadhara mmoja, kisha kila mmoja afungue mashine yake aseme inamsumbua wapi. Hilo nalo ni kongamano, na usishangae likikufaa kuliko yale yenye kiingilio.

Kwa hiyo fedha yako: SSD, diski ya nje, betri ya ruta, soketi yenye kinga na fundi wa kupima ethi. Inayobaki iweke, ndiyo nauli yako ya Kampala au Nairobi. Seva ya nje usiikodi bado. Wiki hii tazama anwani ya WAN kwenye ruta yenu uniandikie inaanzia na namba gani, na kama intaneti yenu ni ya laini ya simu au ya faiba. Ushauri wangu kuhusu tovuti utategemea hayo mawili.